Pikapu Iliyoimba Kuanzia Sabini

Kuna fundi mmoja wa Voi ambaye nimemwandika kwa daftari langu kurasa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, hata kuliko mke wangu, na mke wangu anajua. Nilikaa naye siku moja tu. Nataka kuieleza siku hiyo vile ilivyokuwa, bila kujipunguzia mimi na bila kumwongezea yeye, ingawa kumwongezea kunanijia kwa urahisi. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo pale maneno ya ufundi yatakaponishinda nitaeleza tu kitu kilivyokaa.

Wakati huo tulikuwa madereva wawili wa pikapu moja. Ni ya dizeli, ya foo-wili, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, si mpya, na mwenyewe ni mama mmoja wa Chawia, mwalimu mstaafu, ambaye watu wote humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Tuliendesha kwa zamu za wiki. Wiki yangu pikapu ililala kwangu Chawia ikabeba mboga za huku. Wiki ya mwenzangu ililala kwake Mghange ikabeba kabichi na viazi vya kule juu. Sote wawili tulishuka nayo sokoni Voi, na mara moja kwa wiki tulikwenda Taveta kuleta ndizi.

Mwenzangu ni mtu wa utani. Aliniita Karani kwa sababu ya hilo daftari, ambalo hukaa kwa dashibodi wiki yangu na kwa mto wangu wiki yake. "Karani, umeandika leo choo umeenda mara ngapi?" Wateja walimpenda. Akina mama waliopanda mbele na vikapu vyao walicheka kutoka Wundanyi mpaka Voi, na wiki yangu hao hao walilala. Ninalisema hili mapema kwa sababu nafikiri wivu ulikuwepo, hata kama wakati ule ungeniuliza ningekataa.

Jumapili moja baada ya ibada, masika yakiwa yameanza kukaza, alinikabidhi gari akiwa hana utani.

"Karani, gari inaimba ikifika sabini. Kule nyuma ya Salaita, pale barabara inanyooka. Ikifika themanini inatetemeka mpaka meno."

"Umegonga kitu?"

"Nimegonga jiwe Mghange, Jumanne, kwa matope. Lakini ni hapa kwa ngazi ya mlango. Chini haikuguswa. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Ngazi ilikuwa imejikunja. Sikuingia chini ya gari. Nakumbuka nilikuwa na shati la kanisani, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Wiki hiyo nilikwenda Taveta, nikaisikia. Kwa barabara zetu za mlimani hufiki sabini, ila breki ziwe zimekufa, kwa hivyo siku nyingi hungejua kuna shida. Lakini ukivuka Maktau, lami inalala sawa mbele yako, na hapo ilianza: kwanza mngurumo mdogo, kama nyuki ndani ya debe, halafu sakafu inaanza kukuwasha nyayo, halafu kioo cha ndani kinatetemeka mpaka huoni aliye nyuma yako. Ukipunguza, inanyamaza kama haijafanya kitu.

Niliporudi nilienda kwa Mwalimu. Nilienda peke yangu, jioni, na nikamwambia gari limeharibika chini na kwamba mwenzangu aligonga jiwe. Kila neno lilikuwa kweli. Mpangilio wake ndio haukuwa wa kweli. Ile ya kwamba mwenzangu mwenyewe ndiye aliyeniambia habari za jiwe, sikuitaja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimempitia fundi mmoja wa njiani, akainua gari, akazungusha magurudumu, akasema ni giaboksi, lishushwe. Sitamlaumu. Alikuwa na magari manne yanamsubiri na uwanja wake hauwezi kukimbiza gari hata thelathini, sembuse sabini. Alitoa jibu ambalo uwanja wake uliweza kutoa.

Mwalimu alisikiliza yote akiwa anachambua maharage. "Mwambie akae nyumbani kwanza," akasema. "Ikiwa ni jiwe lilivunja giaboksi, nitabaki na dereva mmoja. Siwezi kulea gari na madereva wawili." Halafu akaongeza, "Lakini kabla hujafungua chochote, shuka Voi utafute sikio la pili. Mimi nilisahihisha mitihani miaka mingi. Jibu la kwanza la darasa si lazima liwe ndilo."

Huyo dereva mmoja angekuwa mimi. Sikulisema, na yeye hakulisema. Mwenzangu ana watoto watatu na shamba dogo la kabichi kwenye mteremko ambao mvua huuchukua kila mwaka kidogo kidogo. Nilimtumia ujumbe kwamba akae kwanza. Akajibu maneno mawili: "Sawa Karani."

Fundi wa Voi nilielekezwa na muuza vipuri, wiki iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwenzangu. Ana uwanja upande wa reli ya zamani, ardhi nyeusi kwa oili, na mwarobaini mmoja ambao chini yake kuna kiti ambacho haruhusu mtu kukikalia. Ni mtu wa miaka sitini hivi, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Voi tangu zamani, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Nilipofika alikuwa kwa simu.

"Nazi mbili, nimesema. Mbili. Ukinunua tatu, hiyo ya tatu utaila mwenyewe." Akakata. Akanitazama. "Gari lina nini?"

"Ni giaboksi, fundi."

"Nimekuuliza gari lina nini. Wewe waniambia fundi mwenzangu alisema nini."

Nikamweleza sauti. Hapo ndipo maswali yakaanza, na sijawahi kuulizwa hivyo tangu siku ya kuchukua kitambulisho. Inaanza mwendo gani hasa? Ukitoa mguu kwa mafuta, inabaki ama inaondoka? Ukipanda mlima? Ukiteremka? Ukiwa na mzigo ni kubwa ama ni ndogo? Ukikata kona kulia? Ukikata kushoto? Ukiliwasha asubuhi likiwa baridi? Kwa maswali kumi nilijibu matatu, na moja kati ya hayo nilikisia.

"Mwaliendesha watu wangapi?"

"Wawili, kwa zamu."

"Basi nyote wawili mwaliendesha kama abiria," akasema, si kwa ukali. Akaenda kuvua viatu.

Nilidhani anakwenda kuswali. Hapana. Aliingia kwa kiti cha abiria akiwa peku, akaweka nyayo zake kwa sakafu ya gari, moja mbele na moja nyuma kidogo, na katikati akasimamisha chupa ya soda yenye maji nusu. "Washa. Usiende popote. Kanyaga mafuta mpaka nikwambie."

Injini ikanguruma pale pale tulipo. Maji kwenye chupa yalitulia, yakicheza kidogo tu kama ya dizeli yoyote. "Basi," akasema. "Injini twaiacha hapa." Alilisema kana kwamba ameishusha garini akaiegemeza kwa ule mwarobaini. Ndipo nikaelewa kwamba huyu mtu hatafuti kilichoharibika. Anatafuta kizima, anakiweka kando, kimoja kimoja, mpaka kibaki ambacho hakina pa kuwekwa.

Tukatoka kwa barabara ya Mwatate. Tulipofika mashamba ya mkonge, lami ikiwa tupu, akaniambia niende. Sitini, kimya. Sabini, nyuki wakaingia debeni. Sabini na tano, nikaona maji yanaota miduara midogo, mmoja ndani ya mwingine, safi kabisa. Fundi alikuwa amefumba macho.

"Themanini. Hapo. Toa gia, liache lijiendee."

Nikakanyaga klachi, nikatoa gia. Injini ikashuka ikawa inanong'ona, lakini miduara ile ikabaki vile vile na sakafu ikaendelea kuwasha, ikipungua tu kadiri gari lilivyopungua mwendo.

"Klachi twaiacha hapa. Rudia. Sasa gia ya nne, themanini." Nikaenda. "Sasa ya tano, themanini hiyo hiyo." Nikaenda. "Wimbo umebadilika?"

"Haujabadilika, fundi."

"Giaboksi lingebadilisha wimbo. Ukibadilisha gia wabadilisha wanaoimba." Akafumbua macho. "Hiki kinachoimba hakijui uko gia gani. Chajua magurudumu tu. Mwambie mwenye gari asishushe giaboksi la watu."

Nilipaswa kufurahi. Nasema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kama kuvunjika moyo, kisha aibu ya kuvunjika moyo. Giaboksi likiwa zima, jiwe la Mghange lilikuwa linaanza kukosa kazi.

Sasa hapa lazima niwe wa haki kwa upande wa pili pia, maana sisemi kwamba fundi huyu hakosei. Aliporudi uwanjani alisema ni tairi. Alisema kwa uhakika. Tukainua gari, akashika kila gurudumu juu na chini akalitikisa, akalizungusha na kulitazama kwa jicho moja kama mtu anayenyoosha msumari. Akahamisha tairi za mbele nyuma, za nyuma mbele. Saa nzima na zaidi ikapita. Tukarudi kwa ile ile barabara, na kwa sabini na tano maji yakaota miduara ile ile, mahali pale pale.

"Nimekosea," akasema.

Alisema kama mtu anayetaja saa. Hakulaumu barabara, hakunilaumu mimi, hakusema tairi nazo zilikuwa na kasoro zake ndogo. Mimi nina miaka arobaini na tatu na nadhani sijawahi kulisema neno lile mbele ya mteja, wala mbele ya mtu yeyote, likiwa peke yake hivyo bila koti. Nililiandika usiku huo na kulipigia mstari.

Adhuhuri aliniacha akaenda msikitini. Nilikula wali na maharage kwa kibanda cha jirani nikimfikiria. Aliporudi hakugusa kitu. Alivuta kile kiti chake, akakaa mbele ya gurudumu la mbele la kushoto, akalitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba ya gari.

"Hizi fri-wili," akasema, "mbona zimefungwa?"

Fri-wili ni vile vitasa vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele ya gari kama hili. Unavigeuza kwa mkono. Vikiwa vimefunguliwa, magurudumu ya mbele yanajizungukia tu, na vyuma vyote vya mbele huko chini vinalala hata gari likienda Mombasa na kurudi. Ukivifunga, magurudumu yanavizungusha vyuma hivyo wakati wote, hata kama hujaweka foo-wili.

Nikamweleza mila yetu. Huko juu mvua ikishaanza kikweli, dereva hufunga fri-wili na kuziacha hivyo mpaka vumbi lirudi. Hakuna mtu anataka kushuka kwa mteremko, na magunia thelathini nyuma yake, aanze kupapasa matope kutafuta kitasa. Gari la milimani hufungwa masika kama vile dirisha hufungwa usiku. Baba yangu mdogo alifanya hivyo kwa gari la kanisa, na waliomfundisha walifanya hivyo.

"Si vibaya," fundi akasema. "Mafuta yaongezeka kidogo, lakini si vibaya. Nani alizifunga?"

"Mwenzangu. Mvua ilianza wiki yake."

"Na mtetemo ulianza lini?"

"Wiki yake."

Aliinuka, akageuza kitasa cha kushoto, akazunguka mbele ya gari, akageuza cha kulia. Akachukua chupa yake. "Twende."

Mara ya tatu kwa mkonge. Sabini. Sabini na tano. Themanini. Themanini na tano, na hapo nikaogopa kuendelea. Maji yalikaa ndani ya chupa kama yamemiminwa na kugandishwa. Nyayo zangu hazikusikia chochote. Niligeuka kumtazama na nikaona kwamba naye alikuwa ananitazama, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na meno yake mawili ya chini hayapo.

"Kwa hivyo ni yeye," nikasema. "Ni kuzifunga."

"Alizifunga kama baba yako mdogo. Kufunga hakuharibu. Kumezungusha tu kilichokuwa kimelala. Turudi tukakitazame."

Alitandaza boksi la karatasi chini ya gari, akalala, akaniita nilale kando yake. Hakuwa ameshika spana hata sasa. Alikuwa na chaki. Akanionyesha propela ya mbele, ile fimbo nene ya chuma inayozunguka kupeleka nguvu kwa magurudumu ya mbele. Si fimbo moja. Ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika gari likiruka mashimo. Na kila mwisho una masikio mawili yanayoshika kros, kile chuma cha umbo la msalaba kinachoifanya propela iweze kupinda.

"Masikio ya huku yamelala vipi?"

"Yametazama juu na chini."

"Na ya kule?"

Nikasogea. "Yamelala upande."

"Yafaa yalale sawa, pande zote mbili. Yasipolala sawa, huku yavuta na kule yavuta kivyake, na kila ukiongeza mwendo zazidi kugombana." Akafuta vumbi kwa kidole, na kwenye kila kipande kulikuwa na mshale mdogo uliopigwa kiwandani. Mmoja ulikuwa juu. Mwingine ulikuwa umejificha ubavuni. Akaupaka kila mmoja chaki. "Hii mishale yatakiwa itazamane. Jiwe haliwezi kuigeuza. Mvua haiwezi. Mtu ameichomoa propela, akairudisha kama atakavyo. Nani alifungua huku chini?"

"Hakuna mtu amefungua," nikasema.

Na nilikuwa naamini. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo, kwamba nililala pale chini nikamwambia mtu yule jambo la uongo na moyo wangu haukupiga hata mara moja zaidi. Kisha nikaangalia ile grisi iliyotoka kwenye meno ya propela. Ilikuwa ya bluu. Grisi ya bluu niliinunua mimi.

Nikatoka chini ya gari, nikafungua dashibodi, nikachukua daftari. Ilinichukua muda, mikono yangu ilikuwa michafu na kurasa zilishikana. Ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi, vumbi tupu, fri-wili zikiwa wazi. Fundi alikuwa bado amelala kwa boksi lake, miguu nje.

"Lasemaje?" akauliza kutoka chini. Sijui alijuaje kwamba nilikuwa nasoma.

Nikamsomea. "Leo nimetoa propela ya mbele, nimeiosha kwa dizeli, nimeipaka grisi na kuirudisha. Mwalimu amepita akaniona na amefurahi."

Kwa akili yangu sikuwa nimefungua gari. Nilikuwa nimelisafisha. Mafundi hufungua, mimi nilifanya usafi, kama mtu anayeosha sufuria. Niliirudisha bila kuona mshale wowote, na kwa kuwa fri-wili zilikuwa wazi, propela ile ilining'inia pale karibu miezi miwili bila kuzunguka kwa mwendo hata siku moja. Wala huko milimani tulipozifunga kwa muda na kuweka foo-wili hatukupita thelathini. Kosa langu lililala salama mpaka wiki ya mwenzangu. Akafanya lile ambalo kila dereva wa Taita hufanya mvua ikija, akaenda Taveta, na likaamkia mikononi mwake.

Fundi akasema, "Grisi umepaka vizuri lakini. Hata kros zimeshiba. Wengi huzisahau."

Nimefikiria sana kwa nini alisema vile. Sidhani alikuwa ananifariji. Nadhani alikuwa bado anaweka kando vilivyo vizima.

Hapo ndipo spana ikatoka. Bolti nne huku, bolti nne kule, akaichomoa, akazungusha kipande kimoja mpaka mishale ikatazamana, akairudisha. Haikufika nusu saa, na ovaroli ikabaki na mkunjo wake wa pasi. Akafunga fri-wili zote mbili kama zilivyokuja, tukaenda mara ya nne. Themanini na tano na zimefungwa. Kimya. Nilisikia upepo kwenye kioo, na nikasikia kwamba mlango wangu una ufa.

Njiani kurudi nikamwuliza, "Mwalimu akikupigia simu, utamwambia nini?"

"Kwamba propela ilirudishwa vibaya, nami nimeirudisha vizuri."

"Akiuliza na nani?"

"Mimi sikumwona mtu. Nimesikia daftari likisema, na daftari si langu." Akaanza kuvaa viatu. "Hilo ni gari lenu."

Kutoka Voi mpaka Mwatate nilipanga maneno. Ningeweza kusema "ni propela, imetengenezwa," na kunyamaza, na lingekuwa kweli tena, kama lile la kwanza. Mwalimu angejijazia mwenyewe kwamba jiwe liligonga propela. Nilijaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu ndani ya gari, na lilitoka vizuri sana. Hapo nikaogopa.

Kwa hivyo nilipofika Chawia nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hajanikaribisha, maana ningekaa ningeanza kuyapanga. Nikamwambia pia kwamba habari za jiwe nilipewa na mwenzangu mwenyewe. Alinitazama vile nadhani alivyokuwa akitazama watoto wa darasa la nne.

"Ulijua siku ile unaniambia?"

"La propela sikujua, Mwalimu. La jiwe nilijua kwamba sikulisema sawa."

"Ulitaka nini?"

"Wiki zote mbili, labda."

"Labda?"

"Nilitaka."

Akafunga kanga yake upya. "Basi mimi sitampigia. Alikaa nyumbani kwa maneno yako. Kesho asubuhi umpelekee gari, na maneno mengine."

Asubuhi kulikuwa na ukungu Mghange. Mwenzangu alikuwa kwenye mteremko wake, anachimba mfereji wa kugeuza maji yasipite kwenye kabichi. Aliniona, akaendelea na jembe. Nikasimama pembezoni na nikamweleza, kuanzia mwezi wa pili. Hakunikatiza, na kwa mtu yule kutokatiza ni adhabu kubwa.

Nilipomaliza akaegemea mpini. "Kwa hivyo gari iliimba kwa sababu Karani aliosha vyombo."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye ulinitangaza."

"Ndiyo."

"Siku kumi na moja nimechimba huu mfereji. Unajua mke wangu ameniambia nini? Ameniambia pengine kweli uligonga chini na hukusikia. Mke wangu." Akatema mate kando. "Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kufikiria pengine niligonga chini na sikusikia."

Nilimwambia pole. Nikamwambia pia kwamba wiki inayofuata, ambayo ni yangu, achukue yeye.

"Sitaki yako. Nataka yangu. Hii ya leo ni ya nani?"

"Yako."

"Basi leta ufunguo."

Aliosha miguu, akavaa shati, tukashuka. Alivuka Wundanyi, akapita kijia cha kwenda kwangu bila kuniuliza kama nashuka, akaenda hadi lami ya chini. Pale akakanyaga. Sabini, themanini. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, anasikiliza, na mkono mmoja ameutandaza juu ya dashibodi kama mtu anayepima homa. Alibaki hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akapunguza, akageuza gari, tukapanda hadi kwa Mwalimu.

"Baki hapa," akaniambia langoni.

Nilikaa kwenye ukuta mdogo wa mawe. Sikusikia waliyoongea. Nilisikia kikombe, na baadaye nikamsikia Mwalimu akicheka, kitu ambacho mimi sijawahi kumfanyisha. Alitoka akifuta mdomo.

"Amesema tuendelee na zamu kama kawaida," akasema. "Na amesema propela isiguswe tena na mtu ambaye si fundi." Akafungua mlango wa gari. "Hilo la pili nimeongeza mimi."

"Ni haki," nikasema.

"Sijauliza kama ni haki."

Akawasha gari akaenda kuchukua kabichi za watu, kwa sababu wiki ilikuwa yake, nami nikapanda kwangu kwa miguu.